Daftari la Kahawa Katika Kompyuta: Namna ya Kujenga na Kujaribu Programu ya Tovuti

Mkulima wa mitelemko ya Kilimanjaro anapofikisha kahawa yake kwenye ghala la chama cha msingi, mambo matatu hutendeka kwa utaratibu uliozoeleka tangu enzi za babu zetu. Karani huweka mzigo juu ya mizani. Huandika uzito daftarini mbele ya jina la mkulima. Kisha humkatia stakabadhi. Kahawa yenyewe huwa imekwisha kumenywa na kukaushwa nyumbani, ingali na ganda lake la ndani. Kutokana na maandishi ya siku hiyo ndipo mkulima hupata malipo ya awali, na baadaye, kahawa ikiisha kuuzwa, malipo ya pili. Kilimanjaro Native Cooperative Union, yaani KNCU, iliyoundwa mwaka 1933 ikashika mahali pa chama cha wakulima cha mwaka 1925, ilijengwa juu ya daftari la namna hii. Mkulima hakuhitaji kumjua mnunuzi wa London au Hamburg; ilimtosha kujua kwamba kilo zake zimeandikwa sawasawa.

Siku hizi daftari hilo linahamia katika kompyuta, na aghalabu linahamia kwa umbo la programu ya tovuti. Katika makala haya tutaeleza programu ya namna hiyo ni kitu gani, jinsi inavyojengwa, na hasa jinsi inavyojaribiwa kabla ya kukabidhiwa kwa watu. Nasema "hasa" kwa sababu ufundi wa kujaribu hufundishwa kwa haraka mno vyuoni mwetu. Mimi nami niliupita kwa haraka huko ng'ambo nilikosomea shahada ya uzamivu, nikaja kujifunza upya hapa Moshi, kwa kuaibika.

Dirisha, ofisi na kabati

Mtandao wa tovuti ulibuniwa na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na Geneva. Pendekezo lake la kwanza aliliandika mwaka 1989. Nia yake ilikuwa kuwawezesha wanasayansi kusomeana maandishi bila kujali aina ya kompyuta waliyo nayo. Hakuna aliyefikiria wakati huo kwamba njia hiyo hiyo ingepitisha hesabu za kahawa, matokeo ya mitihani na malipo ya serikali.

Msomaji na afikirie ofisi yenye dirisha la kuhudumia wateja. Mteja huandika ombi katika karatasi na kulipitisha dirishani. Ndani ya ofisi yumo karani anayelisoma ombi, anakwenda kabatini, anatoa jalada, anaandika jibu na kulirudisha dirishani. Katika programu ya tovuti, mteja ni kivinjari kilichomo katika simu au kompyuta ya mtumiaji. Karani ni programu iliyomo katika kompyuta nyingine iitwayo seva. Na kabati ni hifadhidata, ambamo taarifa zimepangwa kwa safu na mistari kama daftari lililopigwa jedwali. Ombi na jibu husafiri kwa kufuata kanuni zijulikanazo kwa herufi HTTP.

Faida ya mpango huu ni kubwa. Chama chenye maghala sita hakihitaji kupeleka fundi kila ghala kila programu inaporekebishwa. Seva ikirekebishwa mara moja, maghala yote yamepata marekebisho. Lakini dirisha hili lina sifa moja ambayo dirisha la ofisi halina: mtu yeyote, aliye popote duniani, aweza kupitisha karatasi, na juu ya karatasi hiyo aweza kuandika neno lolote. Karani wetu wa ndani hana macho ya kumtazama aliyesimama nje, wala hana akili ya kushangaa. Hutenda lile aliloagizwa na mtungaji wa programu, hata likiwa la kipuuzi.

Siku ya kwanza ghalani

Miaka kadhaa iliyopita, mimi pamoja na wanafunzi wangu tulitunga programu ya daftari kwa ajili ya chama kimoja cha msingi. Tuliijaribu chuoni kwa muda wa wiki mbili. Majina tuliyoyatumia katika majaribio tuliyatoa vitabuni: John Smith, Mary Brown, na jamaa zao. Kila kitu kilikwenda vizuri, tukapongezana.

Siku ya kwanza ya msimu, kabla jua halijapanda, alifika ghalani mama mmoja mtu mzima. Kihamba chake kiko juu mlimani, lakini yeye mwenyewe huishi mjini kwa mwanawe, katika Kata ya Ng'ambo, mojawapo ya kata za Manispaa ya Moshi. Karani alipima mzigo wake, akaandika jina la kata ili kumtafuta, akabonyeza. Skrini ikajaa maneno ya Kiingereza yasiyosomeka. Akarudia, maneno yale yale. Akamwambia, "Bibi, kompyuta inakukataa." Foleni nzima ilisikia. Yule mama, ambaye amekuwa mwanachama tangu kabla sijazaliwa, alitutazama bila kusema neno, kisha akaomba arudishiwe mzigo wake.

Hakurudishiwa, kwani katibu wa chama alikuwa mtu wa busara na hakuwa ametupa daftari la karatasi. Aliandikiwa humo, akapewa stakabadhi ya mkono. Kosa lilikuwa letu sisi watungaji, tena lilikuwa kosa moja dogo: alama ya ritifaa.

Ritifaa na mlango wa wezi

Katika Kiswahili ritifaa si pambo. Ndiyo inayotenganisha *ng'oa*, yaani kutoa kitu na mizizi yake, na *ngoa*, yaani tamaa au wivu. Lakini katika SQL, lugha ya kuagizia hifadhidata iliyozaliwa katika maabara za IBM miaka ya 1970, alama hiyo hiyo ina kazi nyingine: huonyesha mahali maneno ya mtumiaji yanapoanzia na yanapokomea. Programu yetu ilichukua neno aliloandika karani na kuligandisha katikati ya agizo, hata agizo likawa hivi:

SELECT * FROM wakulima WHERE kata = 'Ng'ambo'

Maana iliyokusudiwa ni: "Chagua wakulima wote ambao kata yao ni Ng'ambo." Hifadhidata haikusoma hivyo. Ilisoma ritifaa ya kwanza kuwa mwanzo wa jina, na ritifaa ya pili kuwa mwisho wake. Kwa hiyo jina la kata likawa *Ng* peke yake, na *ambo* lililobaki likawa agizo lisilojulikana. Hapo ikagoma.

Hadi hapa jambo laonekana kuwa la usumbufu tu. Lakini yafaa kufikiri zaidi. Ikiwa ritifaa moja yaweza kulikata agizo katikati, basi mtu mwenye nia mbaya aweza kulikata kwa makusudi na kuongeza agizo lake mwenyewe. Jioni ya siku ile ile mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika nafasi ya kata maneno haya:

x' OR '1'='1

Agizo likageuka kuwa: "Chagua wakulima ambao kata yao ni x, *au* ambao moja ni sawa na moja." Kwa kuwa moja ni sawa na moja siku zote, skrini ilijaa wakulima wote wa chama, pamoja na kilo zao na namba zao za simu. Hila hii imeandikwa hadharani tangu mwaka 1998, na mpaka leo haijaisha duniani. Mlango uliomfungia nje yule mama ndio uliokuwa wazi kwa mwizi. Na laiti asingefika mtu wa Ng'ambo siku ya kwanza, tusingaliujua.

Wengine hudhani kwamba dawa ni kuipiga marufuku ritifaa. Nimewahi kuona fomu za tovuti zinazomwambia mtu kwamba jina lake "lina herufi isiyoruhusiwa", naye analazimika kuandika Ngambo. Hilo ni kumwadhibu mwenye jina kwa kosa la fundi. Dawa ya kweli ni kutenganisha agizo na taarifa. Agizo hupelekwa kwanza likiwa na nafasi tupu, na neno la mtumiaji hupelekwa kando, kama barua iliyo ndani ya bahasha:

hifadhi.execute("SELECT * FROM wakulima WHERE kata = ?", [kata])

Alama ya kuuliza ni ile nafasi tupu. Hifadhidata huelewa agizo lote kabla ya kuifungua bahasha, kwa hiyo lolote lililomo ndani yake, liwe Ng'ambo au maneno ya mwizi, husomwa kuwa jina na si agizo. Sharti hili hufuatwa katika kila agizo, si katika yale tu yanayodhaniwa kuwa ya hatari.

Kuna ndugu wa kosa hili upande wa kivinjari. Kurasa za tovuti huandikwa kwa lugha ya HTML, ambayo hutumia alama < na > kuanzisha maagizo. Mtu akijiandikisha kwa jina lililochanganywa na alama hizo, na programu ikalionyesha jina hilo bila kuligeuza, kivinjari cha karani kitatekeleza maagizo ya mtu huyo. Dawa ni ile ile ya kutenganisha: kila neno lililotoka kwa mtumiaji ligeuzwe kuwa maandishi matupu wakati wa kuonyeshwa.

Ritifaa yenyewe ilikuwa bado na mkia. Baada ya kurekebisha agizo, karani wa ghala la pili alimtafuta mkulima wa Ng'ambo asimwone. Alikuwa akitumia simu, na simu yake, kwa kupenda urembo, ilikuwa ikibadili ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa jicho la binadamu ni alama moja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, kila moja na namba yake. Ile iliyonyooka ni namba 39 katika mpango wa zamani wa herufi uitwao ASCII, uliotolewa mwaka 1963. Ile iliyopinda ni namba 8217 katika mpango mpana wa Unicode. Kwa hiyo tuliongeza hatua moja: ritifaa za sura zote hugeuzwa kuwa ya sura moja kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta. Nadhani fundi yeyote atungaye programu kwa Kiswahili angeanza na hatua hii, lakini sijaiona katika kitabu chochote cha mafunzo nilichopewa Ulaya.

Kompyuta huihesabu sehemu ya kumi vibaya

Sasa tuje kwenye kilo na fedha. Mwombe mwanafunzi afungue kivinjari chochote, aingie mahali pa kuandikia maagizo ya JavaScript, aandike 0.1 + 0.2. Jibu litakalotoka ni 0.30000000000000004. Si kompyuta mbovu. Karibu kompyuta zote hujibu hivyo, kwa kufuata kanuni iliyokubaliwa kimataifa mwaka 1985.

Sababu yake yaeleweka kwa urahisi kwa vipimo vya sokoni. Kompyuta huhesabu kwa mbili, hivyo sehemu inazozijua ni nusu, robo, thumni, nusu ya thumni, na kuendelea hivyo. Sehemu ya kumi haimo katika ukoo huo. Ili kuipata, kompyuta hujumlisha sehemu moja ya 16, na moja ya 32, na moja ya 256, na moja ya 512, na kuendelea bila mwisho, kama vile sisi tunavyoandika theluthi kuwa 0.3333 bila kuifikia. Mahali fulani hukata na kuacha upungufu mdogo sana.

Upungufu mdogo hukua ukirudiwa. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Kimarekani wa kutungulia makombora, uitwao Patriot, ulishindwa kulizuia kombora lililopigwa kutoka Iraki, na askari 28 wa Marekani wakauawa. Uchunguzi ulionyesha kwamba saa ya mtambo ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, na kila hesabu ilikatwa kidogo. Mtambo ulikuwa umewashwa kwa muda wa saa 100 hivi bila kuzimwa. Makosa yakawa yamefikia karibu theluthi ya sekunde, muda ambao kombora huenda zaidi ya nusu kilometa.

Daftari la kahawa haliui mtu, lakini hesabu ya chama isipolingana na jumla ya stakabadhi, hata kwa shilingi chache, mkaguzi ataandika, na wanachama watanong'ona. Njia iliyo salama ni kuacha desimali kabisa: uzito utunzwe kwa gramu kamili, na fedha kwa shilingi kamili. Hapa chini ni kipande cha programu kwa lugha ya Python, ambayo jina lake halikutokana na chatu bali na kundi la wachekeshaji wa Uingereza:

def thamani(gramu, bei):
    return (gramu * bei + 500) // 1000

Neno la kwanza humaanisha "hii ndiyo kazi iitwayo thamani", na neno *return* humaanisha "rudisha jibu". Gramu huzidishwa kwa bei ya kilo, kisha hugawanywa kwa 1000. Zile 500 zilizoongezwa hufanya nusu shilingi ipandishwe juu, kwa faida ya mkulima. Uamuzi huo wa nusu shilingi si wa fundi. Tulipouliza mkutano wa chama, mjadala ulichukua muda mrefu kuliko tulivyotumia kutunga programu nzima, na kwa maoni yangu haki ilikuwa yao.

Jaribio lililoandikwa

Je, tutajuaje kwamba kipande hicho ni sahihi, na kwamba kitaendelea kuwa sahihi baada ya fundi mwingine kukigusa mwakani? Hapa ndipo penye kiini cha ufundi wa kujaribu. Jaribio halifanywi kwa kubonyeza bonyeza na kutazama. Huandikwa, likiwa programu ndogo inayoiuliza programu kubwa swali ambalo jibu lake tunalijua tangu mwanzo:

assert thamani(12400, 3275) == 40610
assert thamani(7300, 3275) == 23908

Neno *assert* ni kama kusema "nathibitisha kwamba". Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,275, kilo 12.4 ni shilingi 40,610 kamili. Kilo 7.3 ni shilingi 23,907 na nusu, ambayo kwa uamuzi wa mkutano ni 23,908. Siku fundi atakapobadili kanuni ya nusu shilingi, kwa kujua au kwa kusahau, mstari wa pili utapiga kelele. Uamuzi wa mkutano sasa umo ndani ya programu, mahali ambapo haufichiki.

Majaribio ya namna hii hukusanywa pamoja na kuendeshwa na kompyuta yenyewe kila msimbo unapobadilishwa. Mia tatu huchukua sekunde chache. Yako majaribio ya kipande kimoja, kama hayo mawili. Na yako ya njia nzima, ambamo programu maalumu hufungua kivinjari, huandika Ng'ambo, hubonyeza, na kuchunguza kama stakabadhi imetoka. Ya kipande ni mepesi na yawe mengi. Ya njia nzima ni mazito na huvunjika upesi, kwa hiyo yawe machache, kwa njia zile ambazo zikikwama kazi ya ghala husimama.

Ipo desturi moja ninayowasisitizia wanafunzi hadi wanachoka nami. Kasoro ikionekana, usikimbilie kuirekebisha. Kwanza andika jaribio linaloionyesha, uliendeshe, na ulione likishindwa. Kisha rekebisha, uone likifaulu. Jaribio ambalo hujawahi kuliona likishindwa huenda halijaribu kitu chochote. Nimeyakuta mengi ya namna hiyo katika tasnifu za wanafunzi, yote yakipita kwa furaha. Na jaribio likiisha kuandikwa lisifutwe. Jaribio letu la kwanza kabisa mpaka leo linaitwa *mkulima_wa_ngambo*, bila ritifaa, kwa kuwa Python haikubali ritifaa katika majina ya kazi zake. Yule mwanafunzi wa hila ya '1'='1' aliliona hilo kuwa kichekesho kikubwa.

Taarifa za kujaribia nazo zina adabu yake. Si halali kuchukua orodha halisi ya wanachama na kuichezea chuoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, imeweka mipaka. Yatungwe majina ya kubuni, lakini yawe na ugumu wa mahali petu. Awepo mkulima mwenye jina moja tu. Awepo asiye na simu. Namba ya simu ianze na sifuri, ili kama fundi ameihifadhi kama hesabu badala ya maandishi, sifuri ipotee na jaribio lishindwe. Tena wawepo wakulima watatu wenye jina la ubatizo moja na jina la ukoo moja. Nani asiyejua akina Massawe, Mushi na Lyimo walivyo wengi katika kijiji kimoja? Programu inayomtambua mtu kwa jina itawachanganya siku ya malipo. Namba ya uanachama ndiyo ya kutegemea.

Mtandao ukikatika katikati

Maghala mengi yako kwenye migongo ya mlima iliyotenganishwa na makorongo, na mtandao wa simu huja na kwenda. Karani hubonyeza "Tuma", alama ya kusubiri inazunguka, hapati jibu. Je, ombi halikufika sevani, au lilifika na jibu ndilo lililopotea njiani? Kwa upande wake hana njia ya kujua. Atabonyeza tena, na ndivyo kila mtu afanyavyo. Kama ombi la kwanza lilifika, mkulima sasa ameandikiwa kilo 80 badala ya 40.

Kumkemea karani asibonyeze mara mbili hakusaidii. Linalosaidia ni kila andiko kupewa namba yake ya pekee ndani ya simu, kabla halijatumwa, kama vile stakabadhi za kitabu zilivyochapwa namba kiwandani. Seva ikipokea namba ambayo imekwisha kuiona, haiandiki tena. Hujibu tu kwamba imepokea. Hifadhidata nayo iagizwe kukataa namba iliyorudiwa, maana maombi mawili yaweza kufika kwa pamoja. Karani sasa aweza kubonyeza mara kumi na kilo zikabaki 40.

Jaribio lake ni kutuma andiko moja mara mbili na kuhesabu mistari iliyoongezeka, ambayo lazima iwe mmoja. Zaidi ya hayo, vivinjari vya siku hizi vina sehemu ya mafundi ambamo mtandao waweza kufanywa dhaifu au kukatwa kwa makusudi. Fundi aliyekaa mjini penye mtandao mzuri hana budi kuitumia sehemu hiyo. Hata hivyo sisi tulijifunza mengi zaidi kwa kupanda gari hadi ghala la juu kabisa na kukaa nyuma ya karani kutwa nzima, simu ikiwa mkononi mwake na vidole vyake vikiwa na vumbi la maganda.

Saa ya Kiswahili

Jambo la mwisho ni saa. Fomu yetu ya kwanza ilimtaka karani aandike wakati wa kupima. Karani akaandika 3:15, yaani saa tatu na robo asubuhi. Seva, iliyolelewa Kizungu, ikaelewa saa tisa na robo usiku. Kwa siku nne daftari lilionyesha kwamba kahawa ya chama ilikuwa ikipokelewa usiku wa manane, na mkaguzi alikuwa na haki ya kuuliza nani aliyefungua ghala. Tuliiondoa nafasi hiyo. Wakati sasa huchukuliwa kutoka katika simu yenyewe, na ukionyeshwa huandikwa pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Palikuwa na ugumu wa pili. Seva nyingi hutunza wakati kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Malipo yaliyotumwa kwa simu saa 7:30 usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai hapa Moshi, sevani husomeka tarehe 30 Juni. Kwa ofisi ambayo mwaka wake wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kama ilivyo kwa serikali yetu, malipo hayo yameangukia mwaka uliopita. Kutunza kwa saa ya kimataifa ni sawa. Kosa ni kutoa taarifa ya siku bila kuigeuza kwanza. Jaribio liandikwe kwa wakati huo huo wa hatari, saa 7:30 usiku, wala si kwa saa 6 mchana ambapo kila programu hufaulu.

Programu yetu iliporudi ghalani kwa mara ya pili, ilikuwa na majaribio zaidi ya mia mbili. Hatukuliondoa daftari la karatasi. Kwa msimu mzima karani aliandika mahali pawili, na kila Jumamosi jioni katibu alijumlisha daftari kwa mkono, nasi tukajumlisha kwa kompyuta, tukalinganisha. Wiki ya tatu jumla zilipishana kwa kilo 18. Tulikesha tukitafuta kasoro katika msimbo. Asubuhi katibu alipiga simu: alikuwa ameusahau ukurasa mmoja, nazo hesabu za kompyuta zilikuwa sawa. Wiki ya saba zilipishana tena, na safari hiyo kasoro ilikuwa yetu. Jaribio la mia mbili na kumi na moja liliandikwa mchana ule ule.

Yule mama wa Ng'ambo alileta kahawa mara tano msimu huo. Kila mara alisubiri hadi stakabadhi ya kompyuta itoke, akailinganisha na ile ya mkono aliyoandikiwa na karani, herufi kwa herufi, ndipo akaondoka.